Keki za Serikali

Laurentine alikuwa na kinyongo na ubao wa foyer, ile nyumba ya mafunzo ya wanawake. Kila wiki Mademoiselle, yule Mbelgiji mwembamba aliyewafundisha wake za makarani kushona, kupiga pasi na kuoka, aliandika kwa chaki namna ya kupika mkate wa maziwa au tati, ile keki bapa ya matunda, na kabla wanawake hawajamaliza kunakili, alifuta. Alifuta haraka, kama mtu anayeficha kitu. Laurentine mkono wake ulikuwa mzito kuandika, ingawa ulimi wake ulikuwa mwepesi sana kuonja, kwa hiyo alirudi nyumbani Ruashi na nusu ya keki kichwani: unga, siagi, mayai, halafu vumbi la chaki.

“Baba Annie, minataka kitabu,” alimwambia mumewe. “Kitabu yangu miye. Ile haifutike.”

Mumewe, Constantin, alikuwa karani katika ofisi ya serikali mjini Élisabethville, na mwaka ule wa 1956 alikuwa na wazo moja tu kichwani: kadi. Mtu mweusi aliyepata kadi alihesabiwa kuwa amestaarabika, na ili Wazungu wajue kama kweli amestaarabika, walituma tume nyumbani kwake kumkagua. Walitazama kama analala juu ya mashuka, kama anakula kwa uma, kama choo kinanuka, kama mke anakaa mezani na mume wake au anachutama jikoni. Constantin alikwisha kununua uma na mashuka. Alikwisha kutundika picha ya mfalme ukutani, mahali ambapo mgeni akiingia lazima aonane naye uso kwa uso. Alimfundisha Laurentine kukaa kitini magoti yakiwa pamoja, na kucheka bila kuonyesha koo.

Kitabu cha keki hakuwa amekifikiria. Sasa alipokifikiria, uso ulimng'aa.

“Tume inaingia,” alisema, akionyesha mlango kama vile inaingia sasa hivi. “Inaona kitabu juu ya meza. Kitabu ya mapishi! Kiisha inakula gâteau yenyewe. Gérard hana ile.”

Gérard alikuwa jirani yao, Mkasai, karani wa kampuni moja ya biashara, naye aliomba kadi ileile. Mkewe Kapinga alikaanga beignets, yale madonge ya unga yanayovimba kwenye mafuta, na wanaume wa mtaa wote walikuwa na tabia ya kupita mbele ya nyumba yake asubuhi bila sababu. Laurentine alimpenda Kapinga kama mtu anavyompenda jirani anayempita kwa jambo moja. Kwa hiyo safari hii mume na mke walitaka kitu kimoja, na Jumamosi walipanda mjini.

Constantin alivaa kravati. Laurentine alivaa glavu nyeupe alizonunuliwa kwa ajili ya tume, na jasho lilimtoka ndani yake kama vile ameshika viazi vya moto.

Duka la vitabu lilikuwa na mlango mpana wa vioo, nao ulikuwa wa Wazungu. Watu weusi walihudumiwa ubavuni, kwenye dirisha dogo lililowekwa chini kiasi cha kumfanya mtu mzima ainame. Constantin aliinama na kumsalimu mwenye duka kwa Kifaransa kizuri, chenye maneno yote mahali pake. Mwenye duka, Madame mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo, alimjibu kwa Kiswahili cha kuwaitia maboi.

“Weye nataka nini?”

“Tungependa kuchagua kitabu cha pâtisserie, Madame,” Constantin akaendelea na Kifaransa chake.

“Madame yako natuma weye?”

“Hapana, Madame. Ni cha kwetu. Cha nyumbani kwangu.”

Madame alimtazama, akatazama kravati, akatazama kofia ya Laurentine. Kisha akaenda kwenye rafu akarudi na vitabu viwili. Laurentine alipenyeza mkono dirishani.

“Apana gusa!” Madame alivirudisha nyuma vitabu.

“Nimevaa glavu,” Laurentine akasema kwa Kifaransa cha foyer.

Madame alizitazama zile glavu kwa muda. Ilikuwa dhahiri kwamba sheria yake ilitungwa kwa ajili ya mikono, na juu ya glavu hakuwahi kupewa maagizo. Mwishowe alipata suluhisho: alisimama upande wake wa dirisha na kufunua kurasa yeye mwenyewe, kwa kidole kilicholowa mate.

Kitabu cha kwanza kilikuwa chembamba, jalada la kijivu, bila picha. Lakini ndani, kadiri kidole cha Madame kilivyotembea, Laurentine aliona maneno aliyoyajua: brioche, ule mkate laini wa siagi, karameli za maziwa, tati ya maembe ya kopo, jamu, nougat, ile peremende ya karanga. Palikuwa na michoro midogo iliyoonyesha mikono ikikanda, ikikunja, ikikata. Laurentine aliisogelea mpaka kofia ikagonga fremu ya dirisha. Mchoro wa karameli ulionyesha hata namna sukari inavyotakiwa kudondoka kutoka kwenye kijiko kama uzi, jambo ambalo chaki ya Mademoiselle haikuwahi kulifikia.

“Njo hii,” alimnong'oneza mumewe. “Hii hii.”

Kitabu cha pili kilikuwa kinene. Jalada lake lilikuwa na keki ndefu kama mnara wa kanisa, na chini yake, kwa herufi za dhahabu, neno gâteaux na neno régime. Constantin alisoma, akanyoosha mgongo, akagonga kichwa juu ya dirisha, wala hakusikia maumivu.

“Mama Annie,” alisema polepole. “Unaona hii neno? Régime. Unajua maana yake?”

“Hapana.”

“Miye niko nayo ku biro kila siku. Régime ya magereza, régime ya mashamba. Régime ni serikali. Hii ni keki za serikali! Njo zile banakula kwa gavana.”

“Lakini ile ya kijivu iko na karameli.”

“Karameli!” Constantin alicheka kwa huruma. “Tume inakuja kutafuta kama tuko bastaarabu, weye unataka kuipatia bonbon kama batoto ba katekismu.”

Madame aliuliza kama mgonjwa ni Monsieur wake. Constantin alidhani anaulizwa tena kuhusu bwana wake Mzungu, na alikuwa amekwisha kuchoka kuchukuliwa kama boi aliyetumwa. Akajibu kwa ukali wa adabu kwamba yeye hana Monsieur, yeye ndiye Monsieur. Madame akainua mabega, akafunga kitabu kinene kwa karatasi, na dirisha likafungwa.

Njiani kurudi Ruashi Constantin aliendesha baiskeli akiwa ameshika kitabu kwapani. Laurentine, nyuma yake juu ya kiti cha mizigo, aliangalia mgongo wake na kufikiria uzi wa sukari.

Nyumbani alianza kusoma. Alisoma Kifaransa kama mtu anavyovuka mto juu ya mawe, neno baada ya neno, lakini alivuka. Alisoma keki ya kwanza, ya pili, mpaka katikati ya kitabu. Kisha akaenda kumtafuta mumewe, ambaye alikuwa akifanya mazoezi ya kukata nyama bila kugongesha kisu kwenye sahani.

“Baba Annie, humu hamna sukari.”

“Wapi?”

“Popote. Kuko pumba za ngano, kuko mayai, kuko lozi. Sukari hapana.”

Constantin aliweka kisu chini. Alikuwa na kipaji kimoja kikubwa: hakuwahi kukosa maelezo. “Sukari,” alisema, “ni ya bantu wa chini. Ulishaona Mzungu mukubwa anatafuna muwa? Hapana. Njo maana bakubwa wako na akili. Pika vile kitabu inasema.”

Akapika vile kitabu kilivyosema. Lozi hazikuwapo, akaweka karanga. Pumba zilikuwapo kwa wingi, kwa kuwa hakuna mtu Ruashi aliyewahi kuzigombania. Kuku ndio walikuwa wakizila. Aliweka sufuria juu ya mbabula, lile jiko la makaa, akafunika kwa bati, juu ya bati akapanga makaa, na baada ya saa nzima akatoa kitu cha rangi ya udongo wa kichuguu. Annie, binti yao, alikimega, akatafuna, akauliza amekosea nini leo.

Constantin alikula kipande kizima. Alitafuna akiangalia picha ya mfalme, machozi yakimlengalenga. “Unasikia?” alisema alipoweza kusema. “Inakuwa sérieux. Ni ya bantu ba maana.”

Tume ilikuja alasiri ya Alhamisi. Walikuwa watatu: rais wa tume, Mzungu mnene mwenye masharubu yaliyopakwa mafuta, padri mmoja mzee, na Mademoiselle wa foyer, aliyeletwa kuangalia mambo ya jikoni. Rais aliinua shuka kitandani, akachungulia chini ya kitanda. Padri alimuuliza Annie sala. Mademoiselle alifungua kabati, akahesabu uma kwa kidole, akafunga. Constantin alitembea nyuma yao akieleza kila kitu kabla hakijaulizwa. Laurentine alikaa kitini, magoti pamoja, akaona aibu mpya ambayo hakuwa ameitegemea: kumwona mgeni akifungua mlango wa choo chako, akivuta pumzi, na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha wakakaa mezani. Laurentine akaleta keki ya serikali.

Rais alikuwa mtu wa kula. Alichukua kipande kikubwa, akakitia mdomoni chote, na masharubu yakaanza kupanda na kushuka. Yalipanda na kushuka kwa muda mrefu. Padri alikunywa chai. Akanywa tena. Mademoiselle aliuma ncha tu, akaiacha sahani yake, akanyoosha mkono kwenye kitabu kilichokuwa kimewekwa wazi katikati ya meza kama Injili.

Alisoma jalada. Akamtazama Laurentine. Laurentine akatazama kitambaa cha meza.

“Lakini hizi,” Mademoiselle alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka kwa kicheko, “hizi ni keki za wagonjwa. Régime ni mlo wa watu waliokatazwa sukari na daktari. Watu wenye ugonjwa wa sukari.”

Rais aliacha kutafuna. Laurentine alisikia kuku wakipekua nje, akawaza kwamba kesho kutwa kicheko kile kitakuwa kimefika kwa Kapinga, na Jumapili kitakuwa kimeingia kanisani pamoja na waumini. Alimtazama mumewe. Constantin akasimama, akafunga kifungo cha koti.

“Ndiyo, Mademoiselle,” alisema. “Ni mimi. Mimi nina ugonjwa wa sukari. Sikupenda kuwasumbua wageni kwa mambo ya afya yangu. Mke wangu ananitunza.”

Laurentine karibu acheke na kuonyesha koo.

Lakini uso wa rais ulikuwa umebadilika. Alimeza kile kilichobaki kinywani, akamgeukia padri. “Sukari! Umesikia, mon père? Mimi nilidhani hao hawaugui huu. Huu ni ugonjwa wetu.”

“Ni ugonjwa wa watu wanaokaa kitini,” alisema padri. “Wanaotumia kichwa.”

“Ni maendeleo,” alisema rais. Alisimama, akampa Constantin mkono, jambo ambalo hakulifanya alipoingia. Kisha akainama kidogo mbele ya Laurentine na kumwita mke wa mfano kwa wake wote weusi. Mademoiselle alikirudisha kitabu mezani, kifudifudi.

Kadi ilitoka. Gérard alikataliwa, kwake walikuta shangazi wawili na mbuzi. Constantin aliiweka kadi katika mfuko wa shati, upande wa moyo, na kuanzia siku ile akaanza kuumwa.

Hakukuwa na njia nyingine. Habari ilikwisha kuenea kwamba Constantin wa ofisi ana ugonjwa wa Wazungu. Makarani walimsogezea kiti. Kwenye cercle, pale walipokutana jioni kunywa na kuongea Kifaransa, mtu akisogeza bakuli la sukari mwingine alimkanya: “Hapana, si unajua Monsieur Constantin hawezi.” Alikunywa chai chungu. Kwenye harusi alikaa mbele ya soda asiyoruhusiwa kuigusa. Bia nayo aliacha, maana mtu mmoja mjuaji alisema bia ni sukari iliyojificha. Alikonda, na watu wakasema ugonjwa wa heshima hauna mchezo.

Laurentine alimtazama akikonda, na mwanzoni alimhurumia. Huruma iliisha siku alipomsikia akimweleza mgeni namna mkewe asivyokuwa na elimu ya kutosha kuuelewa ugonjwa wenyewe.

“Baba Annie,” alimwambia baada ya mgeni kuondoka. “Mugonjwa ni nani humu ndani?”

Constantin aliangalia dirishani kwanza. “Ni miye.”

“Miye na Annie hatuko bagonjwa?”

“Hapana.”

“Basi Jumamosi naenda kununua kitabu ya bazima.”

Alitafuta jibu, na kwa mara ya kwanza tangu waoane hakulipata.

Laurentine alikwenda peke yake, bila glavu. Aliinama dirishani, akasema kwa Kifaransa chake cha mawe ya mtoni: kile cha kijivu, Madame, chembamba. Madame alikileta, akamkumbuka kwa sababu ya kofia, akauliza kwa lugha yake ya maboi kama mgonjwa anaendelea vipi.

“Anaendelea,” Laurentine alisema. “Anasifiwa sana.”

Na hapo ndipo nyumba ya Constantin ilipoanza kunukia. Jumapili ya kwanza ilinukia brioche. Ya pili, jamu ya mapera. Laurentine aliharibu karameli mara kadhaa, sufuria moja ikabaki nyeusi milele, lakini alirudi kwenye mchoro wa kijiko, akarudi tena, mpaka siku moja sukari ikadondoka kama uzi, nyembamba, ya dhahabu, bila kukatika. Alisimama pale jikoni peke yake na kijiko juu, akacheka kwa koo lote. Wanawake walianza kuja kuonja. Kapinga mwenyewe alikuja, akala karameli tatu bila kusema kitu, ya nne akaifunga kwenye kona ya kitenge.

Lakini Kapinga alikuja kwa jambo jingine. “Mama Annie,” alisema akijikuna shingo, “ile kitabu ya bagonjwa, unaweza kuniazima? Bwana yangu naye imemushika.”

“Nini imemushika?”

“Sukari.”

Laurentine alikitoa kitabu kinene, akakipangusa vumbi, akamkabidhi kwa mikono miwili. Gérard alikuwa ameomba kadi upya. Na hakuwa peke yake: mwisho wa kiangazi pale cercle bakuli la sukari halikujazwa tena, sisimizi wakalihama. Makarani walikaa duara, kila mmoja na kikombe chake kichungu, wakilinganisha kiu zao na mara wanazoamka kwenda kukojoa, na asiye na dalili alisikiliza kwa wivu.

Constantin hakuupenda ushindani huu. Lakini kilichomtesa zaidi kilikuwa harufu. Jumapili moja baada ya misa, Laurentine akiwa kisimani na Annie, aliingia jikoni, akaona sinia ya karameli imefunikwa kwa kitambaa ili zipoe. Zilikuwa bado laini. Alichukua moja. Alichukua nyingine. Alijaza kinywa, akafumba macho, na ndipo Gérard alipobisha mlangoni akiwa na makarani wengine wawili, wamekuja kumjulia hali.

Constantin alijaribu kumeza. Karameli ilishika meno ya juu na ya chini kama gundi ya seremala. Alijaribu kusema bonjour. Ikatoka sauti ya ng'ombe. Jasho likamtoka, macho yakamtoka, akapepesuka akitafuta maji.

“Sukari!” Gérard alipiga kelele. “Sukari imemupanda!”

Laurentine aliporudi na ndoo kichwani alimkuta mumewe anapakiwa nyuma ya kamioneti, lori dogo la jirani, mikono ikipunga, makarani wawili wamemkalia miguu. Aliona sinia. Aliona pengo kwenye sinia. Akatua ndoo, akamwambia Gérard aende naye, yeye ana mambo jikoni.

Hospitalini daktari Mzungu, aliyekatizwa chakula cha Jumapili, alimfungua mdomo Constantin kwa kijiko cha chuma, akatazama, akaita nesi aje atazame pia. Walimpa maji ya moto asukutue. Kisha, kwa kuwa jirani zake walisisitiza, wakampima mkojo. Constantin alikaa kwenye benchi, kinywa kikiwa huru.

Daktari alirudi. “Weye apana gonjwa,” alisema, kwa Kiswahili kilekile cha dirishani. “Sukari apana. Weye nègre muzima kabisa.”

“Docteur,” Constantin alisema kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini sana, “tafadhali, angalieni tena.”

“Mwezi hii, makarani mingi nakuja. Bote nataka gonjwa.” Daktari alikuwa amekwisha kugeuka. “Enda nyumbani. Kula.”

Kwenye ukumbi Gérard alisimama haraka. “Docteur amesema nini?”

Constantin alimtazama. Gérard naye alikuwa amekonda. Kravati ilimzunguka shingo mara mbili.

“Amesema nijitunze,” alisema Constantin.

“Njo vile aliniambia na miye,” alisema Gérard, akaangalia viatu vyake.

Walirudi Ruashi kwa miguu. Jua lilikuwa kali. Laurentine alikuwa amekaa barazani, kitabu cha kijivu mapajani, akitafuta kitu kipya cha kupika.

“Banasema nini ku lopitalo?” aliuliza.

Constantin alisubiri mpaka Gérard aingie kwake. Kisha akavua kofia, kama mtu anayeleta habari ya msiba. “Niko muzima.”

“Pole,” alisema Laurentine.

Aliingia ndani, akatoka na brioche nzima juu ya sahani, siagi pembeni, akaiweka juu ya meza ndogo ya barazani, mahali ambapo mtaa mzima ulipita.

“Twende ndani,” alinong'ona Constantin. “Bantu bataona.”

“Ndani kuko moto.”

Constantin akakaa. Kutoka upande wa Kapinga ilisikika harufu ya pumba zikiungua. Constantin aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akanyoosha mkono, akaurudisha. Wanawake wawili waliokuwa wakitoka sokoni walipunguza mwendo. Laurentine alilowesha kidole, akafunua ukurasa, akaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, jinsi ya kutengeneza nougat, na alipoinua macho sahani ilikuwa na makombo, na mumewe alikuwa analia na kutafuna, mbele ya watu.